Nitapitia Ijumaa

Themanini na tatu, Pandu, nimezihesabu usiku,
bila zile za uvunguni, bila kile kinanda cha pembe
kilichokaa bafuni tangu tuhamie Michenzani,
tukioga kwa kukipa mgongo, kama tuna mkwe ndani.

Ingia. Viatu usivue, zulia hapana:
tulilikunja mwaka ule wa spika nne za sinema
nilizozinunua kwa mshahara wa miezi miwili
na Shemsa akaninunia miezi mitatu.

Si zote nilizitaka.
Nyingi zililetwa kwa fundi, zina kikaratasi na uzi:
Vuai, Bumbwini. Inakoroma.
Mama Rukia, Kwahani. Imeanguka, asijue mume.
Kombo wa bandarini. Inashika Kairo tu.
Kila mmoja alinambia, nitapitia Ijumaa.
Msikitini wamebadilika maimamu watano
mie bado nangoja, bisibisi mkononi.

Vuai nilimfuata kwao. Nikaonyeshwa kaburi,
kisha mjukuu wake akanionyesha simu:
"Babu, redio zote zimo humu."
Nikarudi nayo mapajani,
imepona, inasema wazi,
haina wa kusema naye.

Basi chukua. Hii ilikuwa ikila betri sita;
tukizianika juani kama dagaa,
jioni zikapata roho ya taarifa ya habari,
vifo vikianza kutajwa, roho inakata.
Hii ina jicho la kijani. Ukiiwasha, subiri:
hukonyeza kwanza, ndipo ikasema.
Na kioo hiki, hebu kisome: Bombei, Salisbari,
Leopoldvili, Lorenso Makesi.
Miji imebadili majina
na hakuna aliyekuja kuiambia redio.

Pandu hasomi. Pandu ana mizani.
Mbao hazina bei, anasema, ila sumaku,
ila shaba ya transfoma.
Anabandua kifuniko kwa patasi,
anavuta waya, anavuta, hauishi,
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Ule niliuzungusha kwa mkono, mwezi wa Ramadhani,
duru elfu mbili na mia nne,
nikipoteza hesabu kila nikiitwa kufuturu.

Ngazini watoto wanabeba kwa foleni,
sisimizi na sukari yao.
Ghorofa ya chini, Bi Ruzuna yuko mlangoni:
"Alhamdulillahi. Miaka ishirini nalala chali
naliangalia dari, naliomba lisinishukie."

Juzi alikuja mtu wa hoteli. Akataka makasha matano.
"Matumbo yatoe," alisema, "sie tutatia taa."
Nikamtoa mbio.
Leo Pandu anayafunga kamba, atayauza kuni kwa mchoma mishikaki.
Nimekaa nikipima lipi lingekuwa jepesi.
Bado sijui.

Magharibi. Chumba kitupu.
Ukutani miraba myeupe, kama ngozi chini ya saa.
Sakafuni uzi, na kikaratasi:
Imeanguka, asijue mume.
Nikakitafuna. Siri haikuwa yangu.

Shemsa akaingia na bilauri ya maji.
"Nassor, dawa umekunywa?"
Chumba nacho, nyuma yake: umekunywa.
Akanyamaza. Akacheka.
Akaliita jina langu tena, polepole,
kama mtu ajaribuye kipaza sauti harusini,
na kuta zikamrudishia.

Miaka arubaini na moja mbao zile,
pamba zile za ndani ya spika,
zilikuwa zikiimeza sauti ya mke wangu
nami nikitafuta kasoro kwenye waya.

"Sijanywa," nikasema, kwa nguvu kidogo,
nione na mie nitarudi.